Siku nane Malindi na Lamu: nyumba nne za jamaa, watoto watatu na bibi mwenye magoti. Tupangeje?

Mpwani wa Buruburu

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Likizo ya Disemba tunateremka pwani watu saba: mimi na mume wangu, watoto watatu (miaka 13, 9 na 5), mama mkwe wangu wa miaka 74 ambaye magoti humsumbua, na wifi yangu anayekuja kutoka Maskati kwa pasipoti ya Oman. Tunafika Malindi jioni ya mwezi 13 (nahesabu kwa mwezi mwandamo, najua wenye bahari mtaniuliza) na tunaondoka Lamu kwa ndege mwezi 21 alasiri.

Nyumba za kuzuru ni nne. Ami yake mume wangu yuko Malindi, mtaa wa Shela, na huko ndiko tutakakolala. Shangazi yuko Mambrui. Dada mkubwa wa mama mkwe yuko Langoni, Lamu. Kisha kuna jamaa wa Siyu, kisiwa cha Pate, ambako pia kuna makaburi ya wazazi wa mama mkwe.

Watoto wanataka bahari, magofu ya Gede na korongo la Marafa. Mama mkwe anataka jamaa, na Siyu kuliko kote. Sitaki siku zote ziishie sebuleni, wala sitaki tuonekane tumekuja kutalii tukapita mlangoni mwa watu. Naomba mpango wa siku, kiasi cha zawadi, na habari za usafiri wa Malindi hadi Lamu.

---

Sabaki

Karibuni Malindi. Anza na kanuni moja: kila mahali pa kutembelea pawekwe kando ya nyumba ya jamaa iliyo njia ileile. Ukipanga siku ya vivutio na siku ya jamaa mbalimbali, moja itaila nyingine.

Jioni ya kufika nendeni moja kwa moja kwa ami, hata kama watoto wana njaa na mmepita hoteli kumi njiani. Na mkipanda tuktuk, semeni "Shela ya hapa Malindi", maana Lamu nako kuna Shela, hasa mkiwa mmeshamwambia dereva kwamba safari yenu ni ya Lamu. Tuktuk moja ni abiria watatu. Nyinyi saba na mizigo mnataka tatu, au gari la Proboksi moja na tuktuk moja.

Mambrui na Marafa ni safari moja. Mnavuka daraja la mto Sabaki kwenda kaskazini, Mambrui iko kama kilomita 15 kutoka mjini, na njia ya Marafa inachepuka kushoto kuingia bara. Nendeni Mambrui saa nne asubuhi, mle chakula cha mchana kwa shangazi, kisha saa tisa u nusu wanaotaka Marafa waondoke. Bibi abaki na shangazi. Kule Nyari, ndiko Marafa, unashuka korongo lenye mteremko wa mchanga na udongo unaoteleza, si pa magoti mabovu, na ndugu wawili wakipata saa tatu za kuzungumza bila watoto hiyo nayo ni ziara. Msiende Marafa mchana. Kuta za korongo hurudisha joto na upepo haufiki chini. Mwanga mzuri ni kuanzia saa kumi u nusu, rangi nyekundu na ya chungwa ndipo zinapotoka. Disemba jua linazama kama saa kumi na mbili na robo, basi kufikia hapo muwe mmeshapanda juu. Ikiwa imenyesha siku hiyo, shukeni nusu tu au mtazame kutoka ukingoni. Mvua ndiyo iliyolichonga korongo lile na bado inaendelea kulimega. Chukueni mwongoza wa pale kijijini awasimulie watoto kisa cha matajiri waliooga maziwa.

Mambrui kwenyewe msikose kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kauri vya China. Mtoto wa miaka 13 akiambiwa kwamba mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, vyombo vile vitamwingia akilini.

Gede na Watamu pia ni siku moja, na hiyo iwe mwezi 15 au 16. Siku za bamvua (maji makubwa) maji yanapwa kama saa nne asubuhi, na maji yakipwa ndipo matumbawe yanapoonekana: kina ni kifupi, mwamba unazuia mawimbi, mkondo umetulia. Ingieni majini kabla ya kupwa kwa saa moja, mtoke yakianza kujaa. Asubuhi anzeni na bahari, kisha mkirudi muingie Gede (kilomita 16 hivi kutoka Malindi, karibu na njia ya Watamu), mtembee saa moja na nusu. Magofu ya Gede yako chini ya miti mikubwa, njia ni tambarare ila mizizi ni mingi; watoto wasitembee na mfuko wa vitafunio mkononi, kima wanaujua.

Kwa nini Watamu na si hifadhi ya bahari ya Malindi, ilhali zote mbili zimehifadhiwa tangu 1968? Ni kwa sababu ya mto. Mvua za bara zikileta tope, Sabaki inalimwaga baharini kaskazini mwa mji. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, tope hilo husukumwa kaskazini, lakini kaskazi, upepo wa kaskazini, ikianza hugeuka kusini na kuijaza ghuba ya Malindi. Disemba mara nyingi ndiyo hali hiyo. Mkiona bahari ya mjini ni ya kahawia, msipoteze ada ya boti hapo.

Ada za hifadhi ya KWS (shirika la wanyamapori) hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali. Tayarisheni akaunti mkiwa nyumbani. Kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi ili mtozwe bei ya raia. Wifi kwa pasipoti yake atalipa bei ya mgeni, iwekeni kwenye bajeti msije kushangaa langoni. Mtoto wa miaka 5 mjaribishieni jaketi la kuokoa maisha mkiwa bado ufukweni. Likivutwa juu mabegani likampanda hadi masikioni, ni kubwa, aletewe jingine. Viatu vya mpira kwa wote, matumbawe yanakata na miiba ya huko haitoki kirahisi.

---

Nahodha Mkunguni

Nimefurahi umetaja mwezi mwandamo. Kwa faida ya wengine wanaosoma: mwezi 1 na 15, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hujaa kama saa kumi (alfajiri na alasiri) na kupwa kama saa nne. Mwezi 8 na 22 ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, na saa zinageuka: kujaa ni kama saa nne, kupwa ni kama saa kumi. Kila siku saa ya maji inasogea mbele kwa wastani wa dakika 50, pungufu kidogo siku za bamvua, zaidi siku za maji mafu. Ukilijua hilo unaweza kupanga Lamu nzima ukiwa Nairobi.

Malindi hadi Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, mnapita Garsen, Minjila, Witu na Hindi. Mabasi mengi yanatoka Mombasa, na Disemba yanafika Malindi yamejaa, kwa hiyo kateni viti mapema, si asubuhi ya safari. Ondokeni asubuhi, barabara hii ni ya mchana. Vituo vya ukaguzi ni vingi: vitambulisho, pasipoti ya wifi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe katika pochi moja ya mtu mmoja ndani ya basi, si katika begi lililofungiwa chini. Kinachochelewesha basi si ukaguzi wenyewe, ni abiria anayeomba buti lifunguliwe atafute kitambulisho. Mvua zikiwa kubwa ulizeni hali ya Tana kabla ya kulipa nauli. Vuli ya 2023 mafuriko yaliikata njia hii.

Mokowe ndipo pa kumfikiria bibi. Mkisafiri mwezi 17, maji yatakuwa yamepwa kama saa tano na robo, na basi likifika saa saba ngazi za gati bado ziko wazi na zile za chini zina ukoga. Hapo ndipo watu huteleza, mizigo mikononi, boti inapanda na kushuka. Kaeni mnywe chai hadi saa nane u nusu. Maji yakipanda, sakafu ya boti inakaribia sawa na ngazi, bibi anaingia kwa hatua moja. Mtu mmoja atangulie ndani, mmoja abaki nyuma yake. Asishikwe kwa kuvutwa mikono, apewe bega. Hesabuni majaketi kabla ya kulipa, boti ikizidi idadi ngojeeni nyingine, na msivuke usiku.

Mizigo: mabegi laini ya kubeba. Masanduku ya magurudumu hayafai kwenye vichochoro vya Lamu, mitaro na vipandio vingi. Gatini kuna mikokoteni na punda, patanene bei kabla mzigo haujapakiwa. Maji yakiwa juu mwambieni nahodha awateremshe upande wa Langoni, bibi atapunguziwa mwendo.

Takwa, magofu ya mji wa kale, ni lazima muende na maji. Iko upande wa pili wa kisiwa cha Manda, mnaingia kwa mkondo katikati ya mikoko, na maji yakitoka mkiwa ndani chombo kinakaa juu ya tope mpaka yarudi. Kwa siku zenu mwezi 20 ndio mzuri: kujaa ni kama saa moja na robo asubuhi. Tokeni Lamu saa kumi na mbili, mwe ndani kabla ya kujaa, na saa mbili u nusu mmeshaondoka. Mwezi 18 kujaa kunaangukia machweo, hakufai.

Siyu kwa siku hizo nane, mimi singeenda. Boti za Pate zinafuata maji na lazima mlale. Waalikeni jamaa wa Siyu waje Langoni, muwalipie nauli, wote wakutane nyumba moja.

---

Bi Langoni

Mwanangu, mambo ya bahari wameyaeleza vyema. Mimi nitakwambia ya mlangoni.

Mpigie simu kila mwenye nyumba si chini ya siku mbili kabla, umwambie siku, saa, na idadi ya watu. Si kwamba anataka taarifa. Mtu akiingiliwa na wageni saba saa sita mchana bila habari, atatuma mtoto dukani kukopa, wala hatokwambia. Saa za kuzuru ni baada ya alasiri hadi kabla ya magharibi, au baada ya isha kwa nyumba ya karibu. Asubuhi wanawake wako jikoni. Ijumaa msipange lolote kuanzia saa tano hadi saa nane mchana.

Chakula cha mchana kubalini nyumba moja kwa siku, basi. Mkikubali mbili, ya pili mtagusa tu, na wali wa nazi na samaki wa kupaka wa mtu haviguswi tu. Mwingine akikualikeni siku hiyohiyo, mwombeni kahawa na halua jioni. Hilo halimvunji moyo, na yeye halimgharimu.

Zawadi: kwa nyumba mnayolala, pelekeni vya jikoni tangu siku ya kwanza, kabla ya kuombwa. Kwa watu saba na siku tatu hivi: mchele kilo 5, sukari kilo 3, unga wa ngano kilo 4, mafuta lita 2, majani ya chai, na fedha ya samaki apewe mama wa nyumba mkononi mwake, wakati hakuna mtu. Kila asubuhi mwanamume wenu awahi samaki kabla hawajaisha. Kwa nyumba ya kuzuru tu, sukari kilo 2, majani ya chai na tende zatosha. Bibi mkubwa wa nyumba apate doti ya leso, ami apate kikoi. Mkipitia Mombasa nunueni leso Biashara Street, chaguo ni kubwa. Someni jina la leso kabla ya kulipa, maana leso ya kijembe ukimpa wifi ya mtu huwezi kuirudisha.

Nyumba iliyofiwa tangu mlipoonana mara ya mwisho, neno la kwanza ni mkono wa taazia. Mulize mama mkwe wako akutajie wote waliokufa, na waliozaliwa pia, uandike. Hakuna kinachowaumiza jamaa kama mgeni kuuliza hali ya marehemu.

Watoto wafundisheni kuamkia kila mkubwa aliyeketi barazani, hata wasiyemjua. Mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni, wakirudi mjini wajifunge leso au wavae kanzu. Na nyumba za mawe zina ngazi kali: omba bibi alazwe chini, omba mapema, usingoje hadi vitanda vimeshatandikwa juu.

---

Kijana wa Siyu

Kwa heshima, Nahodha, hapo kwenye Siyu sikubaliani nawe. Mama mkwe amesema Siyu kuliko kote. Ana miaka 74 na wazazi wake wamezikwa huko. Jamaa wanaweza kualikwa Langoni, makaburi hayaalikwi. Safari hii ikikosa Siyu, kwake haikuwa safari.

Na Siyu si hasara kwa watoto. Kuna ngome ya karne ya 19, ya mji uliokataa kutawaliwa na Zanzibar, mnaizunguka kwa miguu. Kuna mafundi wa ngozi: siku ya kufika kila mtu aweke mguu juu ya karatasi uchorwe, siku ya kuondoka mchukue makubadhi.

Kinachotakiwa ni siku moja zaidi. Ondokeni Malindi mwezi 16 badala ya 17. Laleni Langoni usiku mmoja. Mwezi 17 baada ya alfajiri pandeni boti ya Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate. Maji yanajaa kama saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo mkichelewa hadi saa tatu mtakutana na maji yanayotoka na kuteremka kutakuwa kwa tope. Laleni Siyu usiku mbili. Mwezi 19 kujaa ni kama saa moja kasoro asubuhi, mnarudi nayo. Kutoka Mtangawanda hadi Siyu usafiri wa kawaida ni bodaboda. Wapigieni jamaa waje na dereva wanayemwamini, bibi apelekwe peke yake na kwa mwendo wa taratibu. Makaburini nendeni asubuhi ya mwezi 18 jua halijawa kali, na mchukue panga, vichaka huota haraka baada ya mvua.

---

Nahodha Mkunguni

Umesema kweli, nilitazama saa nikamsahau mzee. Mpango huo unakwenda. Ila usiku wa mwezi 16 wasichelewe kulala, na nafasi za boti waziulizie wakishateremka tu gatini. Siku ya mwezi 16 maji yanapwa kama saa nne u nusu, wakifika Mokowe saa saba yatakuwa yamepanda zaidi kidogo kuliko nilivyosema, saa nane wanavuka vizuri.

---

Sabaki

Basi upande wa Malindi ubane hivi: mwezi 14 Mambrui na Marafa, mwezi 15 Gede na Watamu. Bibi siku ya mwezi 15 akae na ami, asizungushwe. Nguzo ya Vasco da Gama ichukueni mkirudi Watamu saa kumi alasiri. Iko mjini, kutoka Shela ni karibu, na kanisa dogo la Wareno liko njiani. Nusu saa inatosha. Jioni zote mbili ni za ami, na chakula cha baada ya magharibi mle kwake.

---

Mpwani wa Buruburu

Shukrani sana, nyote. Mama mkwe nimemsomea jibu la Siyu, ameshaanza kuwapigia simu. Yamebaki mawili: mwezi 19 mchana na mwezi 20 baada ya Takwa tufanye nini Lamu bila kumchosha, na ndege yetu ni saa tisa alasiri mwezi 21. Tuvuke kwenda uwanja wa ndege wa Manda saa ngapi?

---

Bi Langoni

Mwezi 19 msifanye kitu mpaka alasiri, mmetoka baharini. Baada ya alasiri kaeni nyumbani kwa dada yake, wenye kutaka kuwaona watakuja wenyewe. Andaeni kahawa na halua ya kutosha watu ishirini. Mwezi 20 watoto waende Ngome, iliyomalizwa mwaka 1821 na ambayo hadi 1984 ilikuwa jela, kisha waingie jumba la makumbusho lililo kando ya bahari. Bibi haendi Takwa wala Ngome, hana haja. Alasiri wote pandeni boti hadi Shela ya Lamu, yeye akae kivulini nyinyi mtembee ufukweni.

---

Nahodha Mkunguni

Siku hiyo ya mwezi 20 maji yanapwa kama saa saba u nusu, kwa hiyo saa kumi Shela ufukwe bado ni mpana na maji yanarudi taratibu. Watoto wacheze upande wa kijiji, si kule nje kwenye mawimbi makubwa.

Ndege: mwezi 21 kupwa ni kama saa nane u nusu, yaani saa ileile ambayo wengi wangevuka. Kuvuka kwenyewe ni dakika kumi, lakini ngazi za pande zote mbili zitakuwa wazi. Ondokeni Langoni saa tano u nusu, saa sita bibi ameshakaa kivulini uwanjani, na mkae na chakula chenu. Mizigo ya ndege ndogo hupimwa kwa kilo, mara nyingi 15 kwa mtu, someni tiketi. Halua na makubadhi vigaweni katika mabegi yote saba kabla ya kufika mizani.